Si Meno, Ni Kiingereza

Sisi wa Katana tumezoea irabu tano. Zinatutosha kwa Kiswahili, zinatutosha kwa Mashi, zinatutosha kupatana bei ya sambaza na kumtukana mwenye mbuzi aliyekula maharage ya watu. Kwa hiyo darasa zima la jioni liliguna prof alipotangaza kwamba Waingereza wana herufi tano zile zile, lakini irabu zao ni 20: 12 za sauti moja, na 8 zinazoanzia huku zikaishia kule.

Motari mmoja, dereva wa pikipiki na mwanafunzi mwenzetu, akanyoosha mkono. “Prof, zile 15 zingine wanazifichaka wapi?”

Prof akachora ubaoni umbo la pembe nne, pana juu, jembamba chini, upande mmoja umelala. Wengi wetu tuliona shamba lenye mgogoro wa mpaka. Kumbe ni kinywa. Irabu zilizoandikwa juu, ulimi umepanda. Za chini, umeshuka. Za kushoto, umesogea mbele karibu na meno. Za kulia, umerudi nyuma. Baada ya hapo unaangalia midomo, kama imeviringwa au imetandazwa, kisha unapima urefu wa sauti. Mzizi wa ramani hiyo ni kazi ya Daniel Jones wa University College, London, ambaye mwaka 1917 alichapisha picha za eksirei za kinywa chake, mnyororo mwembamba ukiwa umelazwa juu ya ulimi ili mkao wake uonekane. Kwetu, mtu akikutwa na mnyororo mdomoni, ukoo wote unaitwa.

Tulipewa mazoezi ya nyumbani. Mama mmoja muuza sambaza aliyafanyia kwenye meza yake sokoni, midomo ikiviringika na kutandazika mbele ya wateja. Muuguzi aliyepita kununua samaki akamhurumia.

“Mama, ni meno inakuuma?”

“Hapana, ni Kingereza.”

Muuguzi hakuamini. Akamwambia afungue kinywa aseme “aaa”. Hapo, bila kujua, alikuwa anafundisha somo letu: ile ni irabu ya chini kabisa, ulimi unashuka na koo linaonekana. Waganga wametuchezesha mchezo wa Jones tangu utotoni, na hawakututoza ada ya masomo.

Mambo yaliharibika tulipotoka ubaoni kwenda barabarani. Motari wetu alimchukua mgeni mmoja Mwingereza aliyekuja kuona sokwe wa Lwiro, akamshusha kwenye soko la Kabamba. Ghafla mgeni akapiga kelele: “My hambag! My hambag!” Motari, kijana wa huruma, akapanda juu ya gunia na kuita kwa sauti: “Papa Hambaki! Papa Hambaki iko wapi? Muzungu anamutafuta!” Mzee mmoja akajitokeza. Halikuwa jina lake, lakini mzungu akitafuta mtu, ni vizuri kupatikana.

Mkoba ulikuwa unaning’inia kwenye usukani wa pikipiki.

Katika kitabu neno ni “handbag”. Ndani ya sentensi, d inabanwa na majirani zake, inamezwa. N inabaki uso kwa uso na b, na kwa kuwa midomo imeshajiandaa kufumba kwa ajili ya b, n inageuka m. Tulisema huo ni uvivu wa Waingereza. Prof akauliza tu: ubavu mmoja, zikiwa nyingi? “Mbavu!” Na ulimi? “Ndimi!” Kiambishi ni kile kile n, kimefika mbele ya b kikawa m. Tunasema nyumba nzuri, halafu nyumba mbaya, na hakuna aliyewahi kutuita wavivu. Tangu hapo nimeshikilia kwamba tungeanza na sikio, ramani ya ulimi ije baadaye. Irabu inayosikika mara nyingi kuliko zote katika Kiingereza, shwa, haina hata herufi yake. Ulimi umejilaza katikati ya kinywa, haufanyi lolote. Nani angeiona ubaoni?

Hata hivyo, ramani ina kazi yake. Waingereza wana kofia, kibanda, moyo na maumivu: “hat”, “hut”, “heart”, “hurt”, irabu nne tofauti. Kwetu zote zinalala kitanda kimoja, a. Motari, aliyekuwa ameachwa na mchumba wa Kavumu, alimweleza mgeni kwa uchungu kwamba moyo wake umevunjika. “Heart” inataka a ndefu ya nyuma. Yeye akatoa ya kwetu, fupi, ya katikati. Mgeni akasikia kibanda. Akasikitika sana, akatoa kalamu, akamuuliza paa lingehitaji mabati mangapi.

Motari hakuona sababu ya kumsahihisha mgeni. Akajibu papo hapo, t ya pili ikiwa imemezwa kabisa, kwa lafudhi safi ya New York: “Tweni.”