Mwongozo wa Kuipitia Karne Nzima Bila Kuruka Mwaka

Nunua daftari la kurasa mia. Kila ukurasa upe mwaka wake, kuanzia 1801 hadi 1900. Hiyo ndiyo ramani yako ya kusoma riwaya za karne hiyo kwa mfuatano zilivyotoka, na kuanzia leo hakuna kuchungulia ukurasa wa mbele. Andaa pia kahawa chungu na kashata. Karne ni ndefu.

Swali la kwanza litakukuta mapema. Jane Austen aliuza mswada wa Northanger Abbey mwaka 1803, mnunuzi akaukalia. Kitabu kilitoka Desemba 1817, na Jane alikuwa amefariki Julai ya mwaka huohuo. Kikae ukurasa gani? Kiweke pale msomaji wa kwanza alipokishika. Tunafuata masikio ya watu wa zama zile, na hawakuweza kusikia kilichofungiwa kabatini.

Ukifika 1836, punguza mwendo. Pickwick Papers ya Dickens iliuzwa vipandevipande, kimoja kila mwezi, kwa shilingi moja. Ukiimaliza kwa usiku mmoja umekula futari na daku kwa mkupuo. Soma kipande, funika, ngoja. Kungoja kule ni sehemu ya utamu wake.

Mwaka 1847 usikubali mwaliko wa harusi. Oktoba, Charlotte Brontë anatoa Jane Eyre; Desemba, mdogo wake Emily anatoa Wuthering Heights; na miezi hiyohiyo Thackeray anaendelea kutoa Vanity Fair vipandevipande. Toleo la pili la Jane Eyre, Charlotte akamtunukia Thackeray. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini nakung'ang'aniza mfuatano. Anayerukaruka miaka husikia msemaji mmojammoja. Anayeifuata hukaa barazani, akasikia huyu anasema, yule anadakia, wa tatu anakohoa kabla ya kujibu. Mimi sijui raha ya kusoma inayoipita hiyo.

Vitabu vinene visikutishe. Kwa Vita na Amani ya Tolstoy, kata karatasi, andika majina ya watu wote, uichomeke ndani ya kitabu. Mrusi mmoja huitwa kwa jina lake, la baba yake, la ukoo na la utani, kutegemea nani anamwita. Sisi wenye Baba Fulani na Mama Fulani tutazoea upesi.

Kisha kuna miaka miwili ya kusoma ukiwa umekaa wima. Mwaka 1863 Jules Verne anarusha puto la riwaya yake ya kwanza kutoka Zanzibar, mahali ambapo hakupata kukanyaga. Mwaka 1887 Rider Haggard anampitisha Lamu shujaa wa riwaya yake, Allan Quatermain. Katika vitabu hivyo watu wa kwetu wanasimuliwa na wageni, na baraza halijawapa nafasi ya kujibu. Kwa hiyo kurasa hizo mbili za daftari ziachie nafasi kubwa, uchukue kalamu, ujibu.