Mwongozo kwa Mgeni Aliyejikuta Katikati ya Ugomvi wa Miungu ya Veda

Siku utakapoketishwa na wataalamu wanaobishana kuhusu asili ya miungu ya Veda, maandiko ya kale ya India, anza na Dyaus. Hapo huaibiki. Dyaus Pitar wa Kisanskriti, Zeus Pater wa Wagiriki na Jupiter wa Warumi ni jina moja, Baba Mbingu, na hata maprofesa wasiosalimiana hulikubali. Ushas na Eos, miungu wa kike wa alfajiri, wachukue pia, ni salama. Jishibishe amani hiyo mapema, kwa kuwa nyingine haipo.

Ila usiulize Dyaus ana kazi gani. Katika nyimbo 1,028 za Rigveda hakutungiwa hata mmoja wa peke yake. Husifiwa pamoja na Prithivi, yaani dunia. Aliyelewa kinywaji cha soma, akamuua joka Vritra na kuyafungulia maji, ni Indra, mwenye karibu robo ya nyimbo zote, na asili ya jina lake inagombaniwa mpaka leo. Mungu mwenye ukoo uliothibitika hana shughuli. Mwenye shughuli, ukoo wake haueleweki. Ugomvi mwingi unaanzia hapo, hata wagombanao wasiposema.

Jihadhari na majina yanayofanana sikioni. Tangu William Jones alipotangaza mjini Calcutta mwaka 1786 kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vina asili moja, watu wameoza miungu kwa sauti tu. Katika karne ya 19 Adalbert Kuhn alimwoza Gandharva kwa kentauro, na wapo waliomwoza Varuna kwa Ouranos. Kanuni za mabadiliko ya sauti zilipokaguliwa, ndoa zote mbili zikayumba. Ukimsikia mtu anasema "lakini yanafanana mno!", sogeza kiti chako mbali naye.

Usitaje jua ovyo. Max Müller wa Oxford aliliona kila mahali: shujaa akifa, jua limezama, akirudi, kumekucha. Mwaka 1870 kasisi Littledale akatumia mbinu hizohizo kuthibitisha kwamba Müller mwenyewe hakuwahi kuwako: ni jua tu, lililotoka mashariki, Ujerumani, likaelekea magharibi, Uingereza. Sijaona hoja ya kitaalamu iliyojibiwa vizuri zaidi kwa kejeli.

Kisha atakuja mfuasi wa Georges Dumézil. Huyu hahangaiki na majina, anatazama kazi: utawala na ibada, vita, uzalishaji. Mitra na Varuna wanapewa ya kwanza, Indra ya pili, mapacha Nasatya ya tatu. Mpango unapendeza, na hiyo ndiyo hatari yake, kwani ukishakuwa na nafasi tatu, hakuna mungu atakayekosa pa kukaa.

Sasa subiri karata kubwa. Katika karne ya 14 KK mfalme wa Wahiti na mfalme wa Mitanni waliandikiana mkataba, na vigae vyake vikafukuliwa Boğazköy, Uturuki. Miongoni mwa mashahidi wametajwa Mitra, Varuna, Indra na Nasatya, mbali kabisa na mto Indus. Dumézil aliona hapo kazi zake tatu zimepangwa foleni. Paul Thieme, mwaka 1960, akaona miungu walinzi wa mikataba, walioitwa kwa sababu kuna mkataba. Mimi namwelekea Thieme, ila usiseme nimekutuma. Kuhusu walikotoka, kaa kimya kabisa: nchini India swali la kama watu wa Veda waliingia kutoka nje ni la kisiasa, na utajibiwa kwa sauti ya mkutano wa hadhara.

Akiingia mtaalamu wa Avesta, acha mara moja kumsifu Indra. Katika maandiko hayo ya Iran Indra ni pepo mbaya, na Ahura, jina lililo ndugu na asura wa India, ndiye Mungu mkuu. Mwulize habari za Mithra, yaani Mitra wa Iran. Huyo pande zote mbili zinamheshimu, na chai itakuwa haijapoa.