Marehemu wa Kichwani

Unywele unaoonekana umekwisha kufa. Kilicho hai ni shina lake, lililojichimbia ndani ya ngozi, ambako seli huzaliwa, hujaa keratini, hufa na kusukumwa nje kwa mwendo wa sentimita 1 hivi kwa mwezi. Ndiyo maana kinyozi hukata bila kumliza mtu, ila mtoto wa miaka 3, ambaye hulia kabla mashine haijawashwa. Huyo elimu haimsaidii.

Msusi anapobana rasta, zinazovutwa ni nywele lakini linaloumia ni shina, kwa kuwa limezungukwa na mishipa ya fahamu. Mteja hurudi nyumbani nyusi zimepanda kama aliyepewa habari mbaya, na usiku hulala kifudifudi.

Balaa kubwa zaidi liko kwenye dawa ya kulainisha. Nyingi zina kostiki, ileile ya wapika sabuni, inayovunja vifungo vya keratini hadi nywele zikanyooka. Unywele haulalamiki, maiti haombi maji. Ngozi ya kichwa huomba, tena kwa sauti. Saluni zinamjua vizuri mteja anayeulizwa, "Leo hukujikuna?" akaapa kwamba hakujikuna, na dakika 5 baadaye anapepewa kwa kifuniko cha ndoo huku akionyesha kila mahali alipojikuna, pamoja na nyuma ya sikio.

Kucha zilikuwa zimemwondolea ngao. Juu ya ngozi kuna tabaka la seli zilizokauka, zimepandana kama vigae, zikizuia maji, vijidudu na dawa za namna hiyo. Seli hai huzaliwa chini yake, hupanda kwa muda wa mwezi mmoja hivi, hufa njiani na hatimaye hupukutika. Mishipa ya damu haifiki huko juu. Kisu cha jikoni kikikwaruza kidogo tu, damu haitoki, na mpishi aliyepiga kelele huwa amewaita watu bure.

Kwenye nyayo wafu hao ni wengi kuliko penginepo, na wakikauka hupasuka, ndiyo magaga. Anayeyasugua kwa jiwe hunogewa, kwa kuwa hahisi kitu. Hujua wafu wamekwisha pale anaporuka.

Hina nayo huwapenda wafu. Rangi yake hushikamana na keratini, hivyo hukolea viganjani na nyayoni, kwenye tabaka nene. Mpambe wa bibi harusi akijikuna pua kwa kidole chenye hina mbichi, atasugua kwa sabuni, kwa ndimu, hata kwa dawa ya meno, na ataingia ukumbini na pua yake. Rangi imo ndani ya seli zenyewe. Haitoki mpaka zitoke. Ahueni ni kwamba ngozi ya uso ni nyembamba na hujivua mapema.

Kucha haijivui. Nayo ni keratini iliyokufa, hukua milimita 3 hivi kwa mwezi, na hina yake husubiri mkasi. Bwana aliyechovya gumba kwenye bakuli la hina kwa utani wa shemeji huingia kazini Jumatatu amelifumbata. Baada ya wiki 2 hivi weupe huanza kujitokeza chini, wekundu ukisogea juu taratibu, na kufikia mwezi wa 6 umebaki kwenye ncha, mwembamba kama mwezi mwandamo.