Sifa za Difu ya Mbele Iliyokufa

Wengine na wasifu injini. Mimi leo naisifu difu ya mbele ya Land Rover 110 ya miaka ya 1980, hasa ikishakufa, maana katika vyuma vyote vya gari sijaona kinachokufa kwa adabu kama hiki.

Kwanza, haikurupuki. Hubisha hodi mapema: mluzi mwembamba ukikanyaga mafuta, unaobadilika ukiachia, kisha ngurumo, mwishowe ko! ko! ko! kila unapokata kona. Dereva hujibu kwa kuongeza sauti ya redio. Difu hainuni. Huendelea kusaga meno yake taratibu mpaka mwenyewe awe na nafasi ya kusikiliza.

Isitoshe, ni karimu. Tangu Mfaransa Onésiphore Pecqueur alipoipatia hataza mwaka 1827, kazi yake ni kuhakikisha tairi la nje, ambalo kwenye kona lina safari ndefu, linazunguka zaidi ya la ndani. Lakini ingia nayo kwenye udongo mweusi wakati wa masika. Tairi moja likianza kuteleza, difu hulimiminia mzunguko wote. Lile lililokanyaga pagumu, lililo tayari kwa kazi, haliambulii kitu. Nimewahi kuajiriwa katika ofisi yenye utaratibu huo huo, ila yenyewe haikuhitaji oili.

Hata maji hayakosi nafasi kwake. Difu iliyopata moto kwa mwendo ikitumbukia mtoni ghafla, hewa iliyomo husinyaa na kutafuta cha kujazia. Kipumulio kikiwa kimezibwa na matope, maji hunyonywa kupitia sili zilizochoka. Siku ya kufungua nati ya chini, oili namba 90 hutoka imegeuka chai ya maziwa, na chenga za chuma zinametameta ndani yake. Ushahidi wote upo, umehifadhiwa, hapaundwi tume.

Na hata ikifa, haikuachi porini. Fungua propela ya mbele, loki difu ya kati, ile inayogawa mzunguko kati ya mbele na nyuma, gari litakufikisha nyumbani kwa magurudumu ya nyuma. Usisahau kuloki: ya kati nayo ni difu, ina ukarimu wa ukoo, na itapeleka mzunguko wote mbele, ambako propela haipo tena, huku wewe ukinguruma papo hapo bila kusogea.

Heshima yake kamili huonekana mezani kwa fundi. Kraunwili na pinioni, gia zake mbili zinazoumana, vimesuguliwa pamoja tangu kiwandani. Ukibadilisha kimoja peke yake, mluzi unarudi. Fundi hupaka meno rangi, huzungusha, husoma alama. Imepanda juu mno? Anafungua, anabadilisha shimu nyembamba, anafunga upya, anapaka tena. Uchezaji unaoruhusiwa kati ya meno haufiki robo ya milimita. Hata kijana wa gereji ambaye kila kitu kwake ni nyundo sasa amenyamaza kabisa, ameinama. Na bosi aliyeingia akisema "fanya chapchap fundi, nina safari kesho," keshapewa benchi na kahawa.

Wapo wanaoikimbia heshima hii kwa kununua difu ya mtumba. Ile ya Land Rover Series ya zamani hukaa kwenye bolti zile zile bila ubishi. Hesabu meno yake lakini: 47 kwa 10, wakati ya 110 ni 46 kwa 13. Kraunwili zimepishana jino moja tu, ila mbele sasa patahitaji propela izunguke mara 4.7 kwa kila mzunguko wa tairi, na nyuma mara 3.54. Difu ya kati itasuluhisha ugomvi huo njia nzima, hata kwenye lami iliyonyooka, mpaka nayo ichemke. Ukimrudia muuza spea kulalamika, atakutazama kwa upole: "Bosi, kwani hiyo si Land Rover?"