Injini za Gizani

Wako wanaodai kuunga ndege ya kivita ya plastiki ni mchezo wa watoto. Wasamehewe; hawajaiona F-14 Tomcat ya kampuni ya Tamiya, ya kipimo cha 1/32. Ndege halisi ina urefu wa mita 19 hivi. Hii inafika sentimita 60, kwa hiyo inaienea meza ya chakula vizuri kabisa, na familia inapata nafasi adimu ya kula imesimama.

Fundi makini huanza na injini. Anazipiga msasa, anazipulizia rangi ya chuma, anafuatisha kila kijibomba kwa ncha ya brashi, kisha anazizika ndani ya bodi na kuziba kwa gundi. Mafundi wa Misri ya kale walipamba makaburi ya mafarao kwa utaratibu huohuo.

Kinafuata kijivu. Kwenye ndege hizi, Jeshi la Majini la Marekani lilitumia vijivu kadhaa, vyenye namba kama 36320 na 36375 katika orodha ya rangi za serikali. Kwa mbali vinafanana. Kwa karibu pia. Ndiyo maana ni lazima kuvinunua vyote.

Rangi ikikauka, unakuja uchafu. Kwenye meli za kubebea ndege, mabaharia walisugua chumvi, mafuta na masizi bila kuchoka. Fundi huyarudisha yote, doa baada ya doa, kwenye ndege isiyowahi kuvuka kizingiti cha sebule. Asichovumilia ni vumbi la kabatini tu: hilo halina ushahidi wa kihistoria.