Sifa Njema za Diski Mbovu

Mgeni rasmi, waheshimiwa wakuu wa ofisi, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Nimesimama kumsifu kiumbe ambaye hajawahi kupewa cheti wala kuvishwa shada: diski iliyokufa na kumbukumbu zote za ofisi tumboni. Hapa Mwanza, kuanzia Makoroboi hadi Nyegezi, nimeletewa diski hizo zimefungwa kwenye bahasha za kaki, kwenye khanga, na moja kwenye gazeti lililokwisha kufungia dagaa. Zote zimeninyima usingizi. Leo nazidaia heshima zao.

Kwanza, diski ina adabu. Gridi ya Taifa ilipozimika usiku wa kuamkia 1 Aprili 2024, haikumwarifu mtu. Diski hupiga hodi. Hugonga ngo, ngo, ngo kabla ya kuaga, na aliye karibu nayo huongeza sauti ya redio. Pili, hufundisha subira: kuinakili kwa ddrescue, programu inayookota kwanza sehemu nzima na kuzirudia mbovu baadaye, kunaweza kula siku kadhaa. Tatu, huongeza imani. Nimemwona mhasibu asiyejulikana msikitini wala kanisani akiisomea dua.

Lakini sifa yake kuu ni usawa, na hapa naomba utulivu. Azimio la Arusha la 1967 lilitaka nchi isiyo na matabaka. Kilichotushinda sisi, diski mbovu hukitimiza kwa usiku mmoja. Kwenye Linux, jina la faili halikai ndani ya faili. Hutunzwa kwenye saraka. Saraka ikiharibika, faili hubaki mayatima; fsck, programu ya ukarabati, huwakuta mayatima hao hawana jina wala kwao, huwapa namba, na kuwaingiza wote kwenye saraka moja, lost+found. Humo hakuna mkubwa. Barua ya SIRI sasa inaitwa #131074. Jirani yake, #131075, ni picha ya harusi ya karani. Wanafuata orodha ya wadaiwa, taarabu mbili, na hotuba ya mwenyekiti kuhusu uadilifu, nakala saba. Mwenyekiti anasubiri zamu yake pamoja na mfagizi, na hakuna mlango wa nyuma. Tena, jina likishapotea, ili kumjua mtu ni nani huna budi kumfungua na kumsoma. Niambieni, ni ofisi gani inayomsoma kila mtu kabla ya kumpa kiti?

Basi nami nikasoma. Nimesoma bajeti. Ofisa wa tehama anaomba diski ya pili ya kuwekea nakala, safu ya maoni inasema: "Isubiri mwaka ujao." Bajeti ya mwaka ujao: "Isubiri." Viburudisho vimepita. Fulana za Mei Mosi zimepita, na kofia juu yake.

Jamani! Diski ya pili haifikii posho za kikao kimoja! Kikao hichohicho kilichoamua isubiri! Halafu hodi zikianza, anaitwa mpwa wa bosi, "kasomea kompyuta huyu," naye anaendesha fsck juu ya diski inayokata roho, anaitikia ndiyo kwa kila swali, badala ya kuizima, kuinakili, na kuhangaika na nakala. Gharama ya yote hayo anailipa mama muuza dagaa aliyevuka na meli kutoka Nansio kufuata akiba yake, akaambiwa dirishani: "Mfumo unasumbua, mama, rudi Jumatatu." Mfumo hausumbui. Mfumo umekufa, na waliouua wako ghorofa ya juu wanakunywa chai yenye fungu lake.

Samahani, mgeni rasmi. Narudi kwenye sifa, nimalizie na ya mwisho: usiri. Diski hubeba lawama za watu wazima na haikati rufaa. Ripoti itaandika "hitilafu ya kiufundi", na yenyewe haitabisha. Kamati ya kuichunguza hitilafu hiyo imekwisha kuundwa, imelipwa posho, na inatunza mihtasari ya vikao vyake kwenye diski mpya. Moja.