Sifa za Lengelenge

Nasimama, kwa mguu mmoja, kulisifu lengelenge. Ni mfuko mdogo wa maji uliojishona wenyewe bila fundi, na katika msafara wetu wa Hija ya 2024 hapakuwa na msemakweli kulishinda.

Langu lilizaliwa penye ukanda wa makubadhi, baina ya kidole gumba na jirani yake. Mwanamume aliyevaa ihramu haruhusiwi viatu vya kufunika vifundo, kwa hiyo miguu yetu ilikwenda Arafa nusu uchi, na lami ya huko mwezi wa Juni haina huruma. Siku mbili baada ya Arafa, joto kwenye Msikiti Mtukufu wa Makka lilifika nyuzi 51.8.

Fadhila zake ni nyingi. Hufundisha unyenyekevu, maana aliye nalo hatembei kwa maringo. Hupunguza kusengenya, kwani anayechechemea hana pumzi ya ziada. Hayo niyapite. Fadhila yake kuu ni kupima masafa.

Kwenye semina ya mahujaji wakala wetu alitandika ramani mezani, akaweka vidole viwili: hema hapa, Jamarati hapa, pua na mdomo. Lengelenge halikubisha. Kilomita ya kwanza lilitia wekundu tu, kama karani anayefungua daftari. Ya tatu ngozi ikapata moto. Ya tano maji yakaingia, na kuanzia hapo kila hatua ikaandikwa. Ya nane likapasuka, na hapo ndipo sahihi na muhuri. Saay, mara 7 baina ya Safa na Marwa, ambayo jumla yake ni kama kilomita 3, halikuihesabu hata kidogo, kwa kuwa ni marumaru na kiyoyozi. Mkaguzi mwadilifu hababaiki na vidogo. Kwa kipimo chake nathibitisha kuwa mtu mwenye uso kama aliotuchorea wakala wetu, pua ikiwa Makka, mdomo angeukuta Twaif.

Napendekeza kila wizara ipewe lengelenge moja la serikali, litunzwe kwenye kisigino cha mkurugenzi. Zahanati inayoitwa ya jirani, shule inayoitwa ya karibu, barabara iliyolipiwa yote ikajengwa nusu: mkurugenzi atembezwe kwa miguu saa saba mchana, kisha kisigino kisomwe bungeni. Ripoti haitachelewa, wala haitapotea. Na halihongeki. Nani amewahi kulipa lengelenge posho?

Ningeendelea na mzaha huu hadi mwisho, lakini kuna basi. Tuliahidiwa basi la kututoa Arafa jua likizama hadi Muzdalifa, na asubuhi litufikishe Mina. Halikuja jioni, halikuja asubuhi. Mama mmoja wa msafara wetu, mtu mzima, alikunja kanga yake akaikalia ukingoni mwa barabara, simu sikioni, akimpigia wakala. Inaita, haipokelewi. Juu ya vichwa vyetu ilipita treni, ile iliyoanza 2010 kuunganisha Arafa, Muzdalifa na Mina. Picha yake ilikuwamo kwenye karatasi ya matangazo. Tiketi yake haikuwamo kwenye bei. "Mwanangu," aliniambia nilipomshika mkono, "si alisema tutakaa kwenye kiyoyozi?"

Wakala alipopatikana alitujibu kwa upole: Subirini mahujaji, Hija ni mashaka, na mashaka yana thawabu. Sawa. Thawabu ya jua ni ya aliyetembea. Na nauli ya basi, je, ni ya nani?

Mwaka ule Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301. Asilimia 83 ya waliokufa hawakuwa na kibali cha Hija, wakatembea masafa marefu juani bila hema la kupumzikia. Watu hao hawakushuka kutoka mbinguni. Wengi waliuziwa viza ya matembezi na mtu aliyewaambia kuwa inatosha. Misri ilifuta leseni za kampuni 16 na kuagiza wakuu wake wapelekwe kwa waendesha mashtaka. Sisi wenye vibali tulirudi na malengelenge tu, na wakala wetu akatupokea uwanja wa ndege kwa dufu, mkononi ana fomu za mwakani.

Ndugu unayedunduliza fedha za Hija, muulize wakala wako namba ya kambi, kilomita kutoka kambini hadi Jamarati, jina la mwenye mabasi, na kama tiketi ya treni imo kwenye bei. Majibu yaandikwe, yatiwe sahihi, nakala ubaki nayo. Akikwambia kuuliza hivyo ni upungufu wa imani, tafuta wakala mwingine.